Duka la Kioo, Stendi Mpya

Stendi Kuu Mpya
4 Februari

Dada yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi mzima, wa kuwahofia ni nyinyi. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mwambie nimefika salama na cherehani haikupata hata mchubuko. Nilimwambia kondakta, "Huyu ni mtoto, mbebe kama mtoto," akaipakata njia nzima huku abiria wanamcheka.

Dada, sijui nianzie wapi. Stendi hii ukiiona utashika kichwa. Ni ghorofa tatu, mbele yote kioo, ukiwa mbali unadhani ni ziwa limesimamishwa wima. Sakafu inateleza kwa usafi; jana nilijiona uso wangu chini nikainama nikafunga kilemba. Kuna ngazi zinazopanda zenyewe, wewe unasimama tu kama mzigo, zinakufikisha. Kuna mnara wa saa yenye nyuso nne. Siku ya uzinduzi alikuja waziri mwenyewe, matarumbeta yakapigwa, mabasi yakapangwa safu yakapigwa picha, na waziri akasema nchi nzima haina kitu kama hiki. Watu tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Duka langu liko ghorofa ya kwanza, mkabala na hizo ngazi. Mbele kioo kitupu, taa tatu, na kibao cha maandishi ya kuchonga, siyo kile chetu cha chaki. Mwaka wa kwanza hatulipi pango. Sijamaliza hata kufungua mafundo ya mzigo, Meneja wa stendi akapita akasema sare za wahudumu wote nitashona mimi.

Najua wewe ndiye uliyesikia habari za maduka haya kwanza, ukaja kuniambia. Najua tulitia majina sote wawili kwenye lile sanduku. Lakini kura ni kura, dada. Usininunie.

Mdogo wako,
Kifungo


Barazani, Soko la Zamani
21 Februari

Kifungo,

Barua yako imefika, na kabla haijanifikia mimi ilishasomwa na mtaa mzima. Tarishi alimkabidhi Mama. Mama, unamjua, miwani hana na subira hana, akamsimamisha mteja wangu aliyekuja kupima gauni: "Hebu nisomee, mwanangu wa stendi ameniandikia." Aliyefuata naye akasomeshwa. Mpaka inafika mikononi mwangu ina alama tatu za vikombe vya chai.

Mwanangu wa stendi! Mimi nimekuwa mwanawe wa wapi? Wa mkekani? Ninayemkanda miguu asubuhi na jioni ni nani?

Ninune kwa nini? Kura ni kura, umesema mwenyewe. Mimi nilisikia habari kwa mke wa karani, nikakimbia na ndara moja mkononi kuja kukuambia, na kura ikakuchagua wewe. Sawa. Mpewa hapokonyeki.

Huku mambo ni yale yale. Kushoto muuza mkaa, kulia fundi redio anayejaribu redio zote kwa mpigo, taarifa ya habari inagombana na mpira. Nikishona kitambaa cheupe nakifunika kama maiti, vumbi la mkaa lisikione. Ngazi zangu ni tofali mbili, na hazijawahi kumpandisha mtu zenyewe.

Shemeji yako anakusalimu. Alipomaliza kusoma barua yako alipiga mluzi akasema, "Mdogo wako ana nyota." Nikamuuliza mimi nina nini. Akaondoka na ndoo yake ya rangi kwenda kazini.

Wahenga walisema aliyeko juu mngoje chini. Sikusemi wewe. Nawataja wahenga tu.

Je, wateja wapo?

Dada yako


Stendi Kuu Mpya
10 Machi

Dada,

Wateja wapo, tena sana. Sare za wahudumu nimemaliza, bluu yenye ukosi mweupe, Meneja amezisifia. Mambo ni moto, hata muda wa kuandika nauiba.

Naambatanisha gauni la Mama. Shingoni nimetia darizi ya majani, na mikononi vilevile, na pindo lote chini nimezungusha maua madogo madogo. Kwa ndani nimeweka bitana ya hariri, kila mshono nimeushona mara mbili kwa mkono. Mwambie alivae, asiliweke sandukuni.

Niambie habari za huko, dada. Usinifupishie. Fundi redio bado anagombana na muuza mkaa? Bado wanapigiana kelele kuhusu kivuli? Binti wa mwoka mikate anaolewa lini, na gauni lake anashona nani? Yule alikuwa mteja wangu. Nilimpima tangu yuko darasa la kwanza. Na mama wa mapacha je, amekuja kuchukua zile suruali? Amekuuliza mimi niko wapi?

Hapa ni pazuri, pametulia.

Kifungo


Barazani
2 Aprili

Kifungo,

Mama amelivaa gauni lako siku tatu mfululizo. Nililazimika kumvizia alipolala ndipo nikalifua. Kila anayepita huitwa: "Njoo ushike hapa, hii hariri. Mwanangu huyu, pamoja na wateja wote wale, amekaa kunidarizi majani." Mwaka jana nilimshonea gauni la maua ya zambarau. Alisema asante, akaweka sandukuni.

Hapo ulifanya makusudi, mdogo wangu. Mshono wa mara mbili kwa mkono! Ulitaka nione, nami nimeona. Macho hayana pazia.

Gauni la binti wa mwoka mikate nashona mimi. Ulitaka ashonewe na nani, na wewe uko kwenye kioo? Wateja wako wote wamehamia kwangu, na kila mmoja anakuja na wimbo ule ule: "Mdogo wako alikuwa akinikata hivi, mdogo wako kiuno alikuwa akikibana hivi." Mama wa mapacha amekuulizia mpaka nimechoka. Mkasi niushike mimi, sifa uchukue wewe.

Sasa sikiliza, maana hili nimelifikiria kwa muda. Nataka zamu. Nusu mwaka wewe, nusu mwaka mimi. Wewe rudi, ukae na Mama anayekulilia, ushike baraza na wateja wako. Mimi nije huko. Jina ni lako kwenye karatasi, libaki lako, silitaki. Nataka tu na mimi, kabla sijazeeka, nikae ndani ya duka lenye taa tatu, mtu apite nje aone kuna fundi humu. Mimi ni mkubwa wako na sijawahi kukuomba kitu.

Mama kasema ni wazo zuri. Nijibu upesi.

Dada yako


Stendi Kuu Mpya
20 Aprili

Dada,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Haiwezekani. Usiniulize kwa nini. Masharti ya huku ni magumu na Meneja hataki mabadiliko. Wewe kaa hapo ulipo, una wateja. Baraza ni mali, dada. Hujui tu.

Nibusie Mama.

Kifungo


Barazani
9 Mei

Kwako wewe wa kwenye kioo,

"Baraza ni mali"! Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama baraza ni mali, mbona uliliacha ukakimbia bila kugeuza shingo?

Ulipokuwa mdogo ulimeza kifungo cha gauni la Mama, tukakuita Kifungo tukacheka. Kumbe jina tulilikosea maana. Wewe siyo kifungo cha nguo, wewe ni kifungo cha jela: kitu kikishaingia kwako hakitoki.

Tulipokuwa tunagawiwa kitu, wewe na mimi, kipi kiliwahi kuwa changu? Cherehani ya Mama ulipewa wewe, mimi nikahangaika nikanunua kuukuu inayokata uzi. Nywele ndefu wewe. Shule miaka miwili zaidi wewe, kwa sababu mimi nilitakiwa nyumbani. Nilikubali yote, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Hukui tu?

Basi sikuombi tena. Mke wa karani ameniletea habari: Meneja wako ametangaza nafasi nyingine za maduka, na safari hii hakuna kura, unaandika jina unapewa. Nimeshaandika. Ghorofa hiyo hiyo yako. Tutaonana kupitia kioo, wewe upande wako na mimi wangu, na wateja watachagua.

Baraza nampa muuza vitambaa. Amelitamani tangu zamani.

Dada yako, ukikumbuka unaye


Stendi Kuu Mpya
18 Mei

Dada, nakuomba, kabla hujafanya lolote soma hii mpaka mwisho.

Usiachie baraza. Hapa hapana kitu. Nafasi mpya zimepatikana kwa sababu waliokuwa nazo wamekimbia. Kinyozi kaondoka, muuza viatu kaondoka, mama wa chai alikaa wiki nne akabeba birika lake. Ghorofa yote nimebaki mimi.

Mabasi hayaji. Stendi imejengwa nyuma ya kilima, na mji uko upande wa pili. Na lango, dada, lango wamelijenga fupi. Basi likiwa na mizigo juu halipiti. Siku ya uzinduzi mabasi yalishushwa mizigo nje, yakasukumwa ndani yakapigwa picha, yakatoka. Tangu siku hiyo madereva wanashusha watu njia panda, kwenye kituo cha mafuta, wanaendelea na safari zao. Ngazi zinazojiendesha zimezimwa, tunazipanda kwa miguu kama ngazi nyingine, ila zenyewe ni ndefu zaidi. Saa ya mnarani, kila uso unasema lake.

Yupo dada mmoja mtangazaji. Kila siku anakaa kwenye kile chumba chake, anawasha kipaza sauti, anasema, "Abiria wa basi la saa nne, tafadhalini elekeeni lango la saba." Ukumbi hauna mtu. Nilimuuliza, "Unamwambia nani?" Akasema, "Wakaguzi wanaweza kutokea wakati wowote, na mimi nalipwa kusema." Anayeambiwa kwamba basi la saa nne linaondoka ni mimi peke yangu, na siendi popote.

Sare nilizoshona zilikuwa za wahudumu sita. Baada ya hizo sijapima mtu. Lile gauni la Mama nililidarizi hivyo kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nilitia majani, nikaona siku haijaisha, nikatia maua.

Sikukukatalia zamu kwa choyo. Nilishindwa kukuleta huku, na kukueleza nikashindwa pia.

Kifungo


Barazani
30 Mei

Kifungo,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimeisoma na shemeji yako pia, naye kakuna kichwa, kasema labda ni kweli. Wanaume huamini chochote kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mimi nakujua. Machi wateja walikuwa wengi mpaka muda wa kuandika unauiba. Nilipoomba zamu, Meneja akawa mkali. Nilipoandika jina langu, ghafla jengo halina mtu, mabasi yamekimbia, saa imeharibika! Serikali nzima ijenge stendi, waziri aje na matarumbeta, halafu lango liwe fupi? Hata banda la kuku hupimwa kwanza.

Na nijibu hili moja tu: kama ni pabaya hivyo, mbona hujarudi? Nauli unayo. Baraza ulikuwa ukilijua lilipo. Miezi minne umekaa peke yako na mtu anayetangaza mabasi yasiyokuwepo? Mtu hukaa pale penye utamu.

Baraza nimeshakabidhi. Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mama atabaki na shemeji yako mpaka nitulie.

Dada yako


[Imeachwa kwa mtangazaji, pamoja na ufunguo]
14 Juni

Dada,

Ukiisoma hii maana yake tumepishana njiani. Barua yako imechelewa, nimeipata leo asubuhi. Napanda basi la mchana nijaribu kukuwahi kabla hujaondoka nyumbani. Nisipokuwahi, ufunguo ni huu. Cherehani ya Mama nimeichukua, nisingeweza kuiacha. Kiti kipo, pasi ipo, taa mbili zinawaka.

Mtangazaji ni mtu mwema. Ukimkuta anaongea na ukumbi, usimcheke.

Kifungo


Duka la Kioo, Stendi Kuu Mpya
23 Juni

Kifungo,

Nimefika. Nilishushwa njia panda, lakini dereva alikuwa na haraka zake.

Pazuri. Pazuri kuliko ulivyosema, na ndiyo maana ulisema vile. Nimefuta kioo, nimepanga vitambaa vyangu kwa rangi, nimewasha taa. Jana wameingia wateja wawili, mwanamke na dada yake, wamepima magauni ya sikukuu. Leo ameingia mmoja. Biashara haitaki papara. Ulikosa subira tu, tena hukujua kupanga duka; fundi akikaa nyuma ya mashine kama mtu aliyejificha, nani atamwona? Mimi nimekaa mbele kabisa, kwenye kioo.

Shemeji yako ameniandikia kwamba umefika, na kwamba umekaa barazani. Barazani kwangu! Muuza vitambaa imekuwaje? Naondoka leo, kesho umeshakalia kiti changu, unakula na mume wangu, unamkanda Mama miguu. Haraka ya nini? Au ndiyo ulichokuwa ukikitaka tangu mwanzo, nitoke nikupishe?

Nijibu. Na niambie gauni la binti wa mwoka mikate umelifanya nini. Lilikuwa limebaki mikono na zipu. Usiliguse.

Dada yako


Barazani
8 Julai

Dada yangu,

Sijakalia kitu cha mtu. Muuza vitambaa hakuwa amehamia. Nilipokwenda kumwuliza alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada yako alinikabidhi, nikasema moyoni nitasubiri kwanza," akasema. "Mtu aliyeondoka kwa wivu simwamini. Anaweza kurudi jioni." Basi nimeweka cherehani nikungojee, wateja wasije wakazoea kwingine.

Hao wateja wako wawili, mwanamke na dada yake, niambie waliingia kwa mlango upi. Wa mashariki haujawahi kufunguliwa, ufunguo wake ulipotea siku ya uzinduzi. Wa magharibi unafunguliwa na mlinzi, na mlinzi huja akitaka. Sikuulizi kwa ubaya, dada. Nami niliwahi kuwa na wateja wengi humo.

Uliniuliza mbona sikurudi. Nilikuwa na aibu ya kukujibu, lakini sasa uko pale pale nilipokuwa, acha nikuambie. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekutazama wewe. Ulikuwa unajua kukata kitambaa bila kuchora. Ulikuwa ukiingia sokoni wauzaji wanasimama. Mume ulipata wewe. Kila mtu akiwa na shida alisema, "Mwiteni dada yenu." Halafu ikaja ile barua yako ya kwanza, nikaona una wivu, na unayemwonea ni mimi! Dada, nilikaa kwenye ule ukumbi mtupu nikaisoma nikasikia utamu mpaka tumboni. Sikuweza kuuachia. Nilikufa na tai shingoni kwa ajili ya utamu huo. Na kila ulipoandika habari za mkaa na redio na mama wa mapacha, nilitamani kuichana karatasi niingie ndani yake.

Sasa nimerudi, na unajua nimekuta nini? Mama hanitaji kabisa. "Dada yako hukanda taratibu, wewe unakanda kama unafua." "Dada yako chai yake haina moshi." Gauni langu la darizi ameliweka sandukuni. Amelitoa lile la maua ya zambarau uliloshona wewe, ndilo analovaa, na wapita njia wanaitwa walishike. "Mwanangu wa stendi," anasema, na sasa ni wewe. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama yetu asiyekuwepo ndiye mwenye vyote.

Binti wa mwoka mikate alikuja na mama yake. Nikatoa tepu nimpime mkono, mama mtu akarudisha mkono wa binti nyuma. "Tutamsubiri fundi wetu," akasema. Fundi wetu, dada! Yule niliyempima tangu darasa la kwanza. Niliingia ndani nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Gauni lake sijaligusa. Limetundikwa, nimelifunika.

Rudi.

Kifungo


Njia Panda, kituo cha mafuta
27 Julai

Mdogo wangu,

Hakuna mteja aliyeingia kwa mlango wowote.

Siku niliyofika nilivuka ule ukumbi na cherehani kichwani, hatua zangu zikawa zinanijibu, nikadhani kuna mtu ananifuata. Mtangazaji alinipa ufunguo na barua yako akasema, "Karibu, shikamoo, abiria wa kwanza tangu mwezi jana." Nilikasirika naye. Nilikaa mbele ya kioo nimevaa nguo zangu nzuri, mgongo nimeunyoosha, nikingoja watu wanione. Waliokuwa wakiniona ni njiwa. Wameingia kwa dirisha la juu, wamejenga kwenye ubao wa saa za mabasi.

Barua yako ilipofika nilitaka kuichana. Nikaikunja, nikaamua nitakuonyesha. Abiria wako njia panda? Fundi naye aende njia panda. Nikabeba cherehani hadi hapa, nikaketi kando ya pampu. Mdogo wangu, kazi ilikuja kama mvua! Mikoba iliyokatika mikanda, suruali zilizopasuka kwa kupanda mabasi, mtoto aliyechana shati kwenye mlango. Nilishona mpaka bobini ikapata moto. Nikasema moyoni, sasa nitamwandikia, sasa ataona.

Siku ya tatu wakaja askari wa manispaa. "Mama, hapa hairuhusiwi biashara. Biashara ni stendi."

Nikawaambia, "Stendi hakuna watu."

"Watu hawaendi kwa sababu mnawahudumia hapa."

"Mabasi hayaingii langoni!"

Mmoja, kijana mpole tu, akanijibu, "Mama, lango siyo kazi yetu." Wakanibebea cherehani mpaka juu, kwa heshima kabisa, wakaniwekea dukani. Wakarudi kuwafukuza wauza maji.

Nilikaa pale nikiwa sina hata hasira. Jua lilikuwa limegonga kioo, na ndipo nikaliona. Nilikuwa nimefuta kioo chote isipokuwa pembeni, kule nyuma ya mashine, mahali ulipokuwa ukikaa. Kuna alama, mviringo wenye mafuta, chini kidogo ya kidevu changu. Nilidhani ni mkono wa mtoto. Nikainama nikaweka paji la uso wangu, likaingia sawasawa. Kutoka hapo, Kifungo, huoni mji, huoni hata njia panda. Unaona kilima na kipande cha njia ya kurudi nyumbani.

Nikamwita mtangazaji. Akasema, "Hapo ndipo alipokuwa akisimama. Barua yako ikija anaisoma akicheka peke yake, anarudia, ananisomea na mimi. Namjua muuza mkaa wenu kama shangazi yangu. Akimaliza anaegemea hapo mpaka nitangaze basi la mwisho."

Na mimi miezi yote ile nilikuwa nimekasirika kwamba umeegemea kioo.

Sikulifuta lile doa.

Nimefunga duka. Meneja aliniuliza kama nina malalamiko, nikamwambia awadai njiwa pango. Mtangazaji alinisindikiza mpaka langoni, halafu akarudi chumbani kwake, na nilipokuwa nateremka kilima nikasikia sauti yake kubwa ikitoka kwenye vipaza sauti vyote kwa pamoja: "Fundi anayesafiri leo, tunakutakia safari njema." Alinitaja mimi kweli. Nilisimama barabarani nikalia kama mjinga.

Natuma barua hii kwa basi linalotangulia, mimi nafuata na la jioni, maana hili limejaa. Nisikudanganye kwamba nimepona. Uliposema Mama anavaa gauni la zambarau nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu, kwamba wewe unamwona amelivaa na mimi simwoni. Nikifika ataanza tena kukusifu wewe, nami nitanuna. Niache ninune kidogo, nitamaliza. Wewe pia ukinuna nitakuacha.

Mwambie mama wa bibi harusi aje kesho asubuhi. Mikono nitashona mimi, zipu utatia wewe, na asipotaka akatafute fundi mwingine.

Sogea kidogo hapo barazani. Mwenzio nina makalio.

Dada yako